Muhidin Gurumo: Zaidi ya miaka 50 jukwaani, gari moja la zawadi

Jumapili asubuhi Kimara huanza na redio. Kuanzia Baruti mpaka Mwisho, kwenye nyumba za kupanga na zile zenye geti, kuna anayefua, kuna anayechambua mchele, kuna baba aliyetoa kiti nje akisubiri chai. Redioni zinapigwa zilipendwa. Tarumbeta zinaingia, gitaa la solo linajibu, na mama aliyeinamia beseni la nguo anaimba ubeti mzima bila kukosea hata neno. Mtoto wa darasa la sita anauliza: "Mama, hao ni nani?"

Jibu mara nyingi huwa jina la bendi. "Hao Sikinde." Au, "Hiyo Msondo, baba." Jina la mtu aliyeimba halitajwi, na si kwa ubaya. Wengi wetu tulikua hivyo, tukijua bendi kwa ushabiki kama wa Simba na Yanga, lakini tukiwa hatuwajui vizuri watu waliosimama mbele ya maikrofoni.

Mmoja wa watu hao alikuwa jirani wa upande huu wa mji. Ukitoka Kimara ukafika Ubungo, ukapinda kulia kuifuata Barabara ya Mandela, unaikuta Makuburi. Huko ndiko alikoishi Muhidin Gurumo, ambaye wapenzi wa dansi walimwita Maalim. Alipofariki dunia Aprili 13, 2014, alikuwa amefikisha umri wa miaka 74, na zaidi ya 50 kati ya hiyo aliitumia akiimba.

Kijana wa leo huenda akamkumbuka kwa jambo jingine kabisa: gari.

Agosti 2013, Gurumo aliwaita waandishi wa habari akawaambia kwamba anastaafu. Afya haikuwa nzuri tena, alikuwa ameshalazwa zaidi ya mara moja, na kuimba usiku kucha kulikuwa kumemzidi nguvu. Katika maelezo yake alisema jambo lililowashtua watu: kwa miaka yote hiyo ya muziki hakuwahi kumiliki gari. Maneno hayo yakasambaa. Siku chache baadaye, Diamond Platnumz, kijana aliyekuwa anazindua video ya wimbo wake wa Number One jijini Dar es Salaam, alimwalika mzee huyo ukumbini na kumkabidhi gari dogo aina ya Toyota Fun Cargo.

Watu walimsifu Diamond, na alistahili. Kijana kumkumbuka mzee aliyemtangulia katika kazi ni malezi mema, na hilo halihitaji mjadala. Lakini picha ile ya mzee na gari lake jipya iliacha swali ambalo wazazi wengi waliliuliza kimya kimya, hasa wenye watoto wanaoimba bafuni na kucheza mbele ya kioo. Inakuwaje mtu ambaye sauti yake imeingia karibu kila nyumba nchini afike miaka 73 akiwa anapanda daladala?

Wapo waliojibu harakaharaka kwamba wanamuziki wa zamani walikuwa walevi, hawakujua kuweka akiba. Jibu hilo ni jepesi na halimtendei haki mtu. Ukiifuata safari ya Gurumo hatua kwa hatua unakuta mtu aliyefanya kazi kama mfanyakazi mwingine yeyote wa nchi hii, kwa mshahara, chini ya mwajiri, miaka nenda rudi. Shida ilikuwa mahali pengine.

Kutoka Masaki ya Kisarawe

Gurumo alizaliwa mwaka 1940 Masaki. Si Masaki ile ya balozi na hoteli za ufukweni. Hii ni Masaki ya Kisarawe, huko nyuma ya milima ya Pugu, kwenye mikorosho na minazi ya Wazaramo. Kijana wa huko aliyetaka maisha alishuka Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam ilikuwa mji wa dansi. Kila mtaa wa maana ulikuwa na klabu yake na bendi yake ya jazi. Gurumo alipita katika bendi kadhaa za wakati huo, zikiwamo Rufiji Jazz na Kilwa Jazz, bendi ambazo majina yake yalibeba asili ya watu waliozianzisha mjini.

Mwaka 1964 ukaleta mabadiliko. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari mwaka huo, vyama vya wafanyakazi vilivyokuwepo vilivunjwa na kikaundwa kimoja tu, NUTA. Chama hicho kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz, na Gurumo akawa miongoni mwa waimbaji wa mwanzo.

Kwa mzazi wa leo ni vigumu kuona ukubwa wa jambo hilo. Kabla ya hapo, mpiga gitaa alikuwa mtu wa kuhesabu kiingilio cha mlangoni. Mvua ikinyesha, hakuna watu, hakuna pesa. Wazazi waliokuwa na binti wa kuoza waliposikia mchumba ni mwanamuziki, walikunja uso. Neno lililokuwa mdomoni mwao lilikuwa "mhuni". Bendi ya chama ilikuwa na mwajiri, vyombo vya muziki vilivyonunuliwa na chama, na mshahara wa mwisho wa mwezi kama wa karani. Mwanamuziki aliweza kusimama mbele ya wakwe na kusema ameajiriwa.

Mashirika mengine yakafuata mkondo huo. Jeshi likawa na bendi, Polisi wakawa na bendi, Magereza, viwanda, hata mabasi ya UDA. Ndiyo maana dansi la Tanzania la miaka ile lilikuwa na watu wazima waliotulia kazini, wanaofanya mazoezi mchana kwa saa maalumu, wenye mkuu wa bendi anayeandika mahudhurio. Ulikuwa utaratibu mzuri kwa mambo mengi. Ulikuwa na tundu moja, ambalo halikuonekana mapema kwa sababu mshahara ulikuwa unaingia.

Ngoma ya mwali jukwaani

Gurumo hakuja mjini mikono mitupu. Alikuja na ngoma za kwao.

Anayeijua Pwani anajua kwamba msondo ni ngoma ya unyago, ile ndefu inayopigwa mwali anapofundwa. Kwa Wazaramo, binti aliyevunja ungo alikaa ndani, akafundishwa na kungwi jinsi ya kuishi na watu, na nyimbo zilizopigwa kwa ngoma hiyo zilikuwa ndiyo kitabu chake. Ziliimbwa kwa mafumbo. Aliyekomaa alielewa, mtoto aliyepita njia alisikia ngoma tu.

Gurumo anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyeliingiza jina hilo kwenye dansi. Mtindo wa NUTA Jazz ukaitwa Msondo, na jina likakaa mpaka likaimeza bendi yenyewe. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz; kilipokuja OTTU, ikawa OTTU Jazz; leo inajulikana kama Msondo Ngoma. Wenye chama walibadilika, jina la ngoma ya mwali halikubadilika.

Na lilifaa. Ukizisikiliza nyimbo za Msondo na za bendi aliyohamia baadaye, unakuta unyago wa mjini. Mume kampa mkewe talaka kwa hasira, sasa anatafuta pa kuficha uso. Ndugu wa mume wamejaa nyumbani na mke anatakiwa awe mvumilivu. Mtoto hasikii la mkubwa. Mlimani Park walikuwa na wimbo ulioitwa Mtoto Akililia Wembe, na Mswahili yeyote anajua methali hiyo inavyomalizikia. Hakuna aliyehitaji kumalizia. Watu walikuwa wakigombana nyumbani Ijumaa, Jumamosi wanakwenda dansini, wanasikia ugomvi wao unaimbwa, wanacheka, wanarudi wakiwa wameshikana mikono. Si wote, ila wengi wa kutosha.

Sauti ya Gurumo iliifaa kazi hiyo. Mwenzake wa miaka mingi, Hassan Rehani Bitchuka, alikuwa na sauti nyembamba ya juu inayopanda mpaka msikilizaji anashika kichwa. Gurumo alikuwa na sauti ya mtu anayesimulia, kama mjomba aliyeitwa kusuluhisha. Wawili hao walipoimba pamoja, mmoja alikuwa analia na mwingine anaeleza kilichomliza. Ni vigumu kupata pacha wa namna hiyo katika muziki wetu, na wenye masikio watabisha wenyewe.

Kazi ya usiku

Familia za wanamuziki wa dansi ziliishi saa tofauti na majirani. Dansi lilianza saa tatu usiku na likaendelea mpaka alfajiri. Baba alirudi nyumbani watoto wakivaa sare za shule. Alilala wakati jua limewaka, nyumba nzima ikatakiwa kunyamaza, jambo ambalo mwenye watoto wadogo anajua halifanyiki. Jioni akaoga, akavaa sare ya bendi, akatoka tena. Sikukuu, ambazo kila familia hukaa pamoja, kwake zilikuwa siku za kazi kubwa kuliko zote. Idd, Krismasi, Pasaka, mwaka mpya: bendi zote zilikuwa jukwaani.

Aliyebeba nyumba kwa saa hizo alikuwa mke. Hili halikuandikwa kwenye magazeti ya burudani, na hata leo wanaohojiwa ni waimbaji, si wake zao. Lakini mwanamuziki wa dansi aliyefika uzeeni akiwa na familia yake, katika kazi ile, na watu wa aina zote wakimzunguka usiku, alikuwa na mtu nyumbani aliyefanya kazi ya watu wawili. Gurumo aliondoka duniani akiwa na mke na watoto. Katika hesabu ya alichokipata na alichokikosa, hilo nalo liwekwe.

Kuhama mara mbili

Mwaka 1978 Gurumo aliondoka bendi ya chama. Alikuwa ameshakaa miaka 14. Akaenda kwenye bendi mpya iliyopewa jina la baa iliyokuwa karibu na Chuo Kikuu, Mlimani Park, akiwa na wenzake kama Bitchuka, Abel Balthazar, Cosmas Chidumule, Joseph Mulenga na Michael Enoch. Wanaoujua muziki wa dansi wakisoma orodha hiyo watatikisa kichwa, kwa sababu timu kama hiyo haijakusanyika mara nyingi.

Alifika na jina jingine la ngoma ya Kizaramo: Sikinde. "Sikinde, ngoma ya ukae," walisema, yaani ngoma ya nyumbani. Kampuni iliyokuwa inaimiliki bendi ilipofilisika, shirika la maendeleo la jiji, DDC, likaichukua mwaka 1983, na DDC Kariakoo pakawa nyumbani kwao. Hapo ndipo ulipozaliwa utani wa jadi, Msondo huku na Sikinde kule, ambao uligawa ofisi, mitaa na hata ndoa. Baba Msondo, mama Sikinde, kila mmoja na kaseti zake.

Mwaka 1985 Gurumo akahama tena. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, alikuwa na vyombo vizuri na pesa za kuwavuta wanamuziki, na akawachukua kadhaa wa Sikinde kwa mkupuo mmoja. Gurumo akawa kiongozi wa kikosi hicho kipya, na mtindo wao ukaitwa Ndekule. Mashabiki wa Sikinde waliumia kama watu walioibiwa. Ndekule iling'ara kwa miaka michache, kisha ikazimika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo akarudi alikoanzia, Msondo. Hapo alibaki mpaka siku ya kustaafu.

Sasa tazama jambo hili. Mtu mmoja anatajwa kwenye majina matatu: Msondo, Sikinde, Ndekule. Kila alipohama, jina lilibaki na bendi. Vyombo vilibaki, maana vilikuwa vya mwenye bendi. Nyimbo alizoziimba ziliendelea kupigwa na wenzake aliowaacha, kwa sababu ilikuwa hivyo kwa kila mtu na hakuna aliyeona ajabu. Alichoweza kubeba mlangoni akitoka ni koo lake tu.

Hilo ndilo tundu lililotajwa mwanzo. Utaratibu wa bendi za mashirika ulimlipa mwanamuziki kwa kufika kazini. Haukumlipa kwa wimbo. Karani akistaafu, barua alizozichapa haziendelei kumfanyia kazi mtu mwingine. Wimbo unaendelea kufanya kazi miaka 40 baadaye, Jumapili asubuhi, Kimara.

Pesa zilipita wapi?

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na kituo kimoja cha redio, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilipokuwa na nyimbo mpya ilikwenda studio za RTD, maneno yakapitiwa kwanza, kisha zikarekodiwa. Bendi ilipata malipo madogo ya siku hiyo na faida ya kusikika nchi nzima, jambo lililojaza ukumbi wikiendi inayofuata. Utepe wenyewe ulibaki kwenye maktaba ya redio. Tuishukuru RTD kwa kutunza, maana bila nyuzi hizo leo tusingekuwa na zilipendwa za kupiga. Ila utepe uliotunzwa kabatini haukuwa bidhaa ya mwanamuziki kuuza.

Na bidhaa yenyewe ingetengenezwa wapi? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Kuliwahi kuwa na mpango wa kukijenga chini ya Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini haukutimia. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi, na faida kubwa ikabaki hukohuko. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifanya kazi na kampuni za Nairobi, na ajali iliyomuua Januari 1979 ilimkuta Kenya.

Linganisha na Zimbabwe. Oliver Mtukudzi, aliyezaliwa Highfield, Harare, mwaka 1952, alikuwa mdogo kwa Gurumo kwa miaka 12. Naye alianzia kwenye bendi ya watu, Wagon Wheels, mwaka 1977. Lakini Harare kulikuwa na kampuni za muziki na mahali pa kuchapa sahani, na Mtukudzi alitoa albamu zaidi ya 60 zenye jina lake yeye mwenyewe juu ya jalada. Alipofariki Januari 23, 2019, alikuwa ameshajenga kituo cha sanaa, Pakare Paye, katika mji wa Norton, ambako vijana hujifunza muziki. Serikali ikamtangaza shujaa wa taifa. Naye alinyonywa na wauza kaseti bandia, tena sana, na maisha yake yalikuwa na misiba yake: mwanawe Sam, mwanamuziki pia, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 2010. Tofauti ni ile ya jalada. Jina la Gurumo lilikuwa mdomoni mwa watu, la Mtukudzi lilikuwa mdomoni na kwenye karatasi.

Kwetu, kaseti zilipoenea, biashara ikawa ya wenye maduka ya Kariakoo waliodurufu kanda moja ikawa mia. Mnunuzi alilipa, mwenye duka alipata, aliyeimba alisikia wimbo wake ukipigwa kwenye daladala aliyopanda. Sheria ya hakimiliki iliyokuwapo tangu 1966 haikuwa na meno. Sheria mpya ilitungwa mwaka 1999, ikaanzisha COSOTA, wakati Gurumo akikaribia miaka 60. Mirabaha ya nyimbo kupigwa redioni, ile iliyokuwa inasubiriwa kwa muda mrefu, ilianza kugawiwa kwa wasanii mwaka 2022. Alikuwa ameshalala kaburini miaka minane.

Mtoto anayetaka studio

Turudi Kimara. Leo mwanamuziki wa miaka 16 hahitaji chama cha wafanyakazi wala ukumbi wa Kariakoo. Studio ni chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, magodoro yamebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, kompyuta moja na maikrofoni. Mtoto anamjia mzazi kuomba pesa ya kurekodi. Mzazi anaangalia ada, anaangalia kodi, anasema soma kwanza. Mtoto anakwenda kwa mjomba.

Ugomvi huu upo katika nyumba nyingi kuanzia Kimara mpaka Mbagala, na kwa kawaida unahusu kama muziki unalipa au haulipi. Maisha ya Gurumo yanaonyesha kwamba muziki ulikuwa unalipa muda wote. Ulimlipa mwenye ukumbi, mwenye baa, mwenye duka la kaseti na redio iliyojaza vipindi vyake. Kwa hiyo mzazi anaweza kuuliza jingine: karatasi iko wapi, na ina jina la nani?

Mambo yenyewe si magumu kama yanavyosikika. Kwa sheria ya 1999, anayetunga wimbo ndiye mwenye haki nao tangu anapoutunga, na haki za kiuchumi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, zikirithiwa kama kiwanja kinavyorithiwa. Kwa mtunzi aliyefariki 2014, hiyo inafika 2064. Wajukuu wanaosoma shule ya msingi leo watakuwa watu wazima wenye mvi zao. Lakini kazi iliyofanywa na mwajiriwa kama sehemu ya ajira yake huangukia kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine, na bendi nyingi za zamani hazikuwa na mkataba uliosema lolote juu ya nyimbo.

Vijana wa sasa wana mitego yao. Mwenye studio hutengeneza mdundo, kijana anaimba juu yake, hakuna kilichoandikwa, wimbo ukishika kila mmoja anasema ni wake. Rafiki anajitolea kuupandisha YouTube kwa akaunti yake, na pesa zikianza kuingia zinaingia kwake. Anatokea mtu mwenye gari zuri na mkataba wa kurasa 20 kwa Kiingereza, anasema saini hapa twende zetu. Hapo mzazi ana nguvu asiyoijua: aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba mwenyewe. Anayemharakisha mtoto asaini bila mzazi, ama hajui sheria ama anaijua vizuri mno.

Hii haina maana kila kijana anayeimba chumbani ana kipaji. Wengi hawana, na majirani wanajua. Lakini baba wa Kizaramo aliyemwona mwanawe akishuka mjini mwaka 1960 kwenda kuimba hakuwa na mahali pa kuuliza. Mzazi wa leo anaweza kwenda COSOTA na kurudi siku hiyohiyo.

Makuburi hadi Masaki

Gurumo hakuwa mtu wa kulalamika jukwaani. Alirudi Msondo akiwa mtu mzima, akakuta vijana, akaimba nao. Akiwa amevuka 70, bado jina lake lilikuwa kwenye matangazo ya dansi, na watu bado walilipa kiingilio. Alipozungumza Agosti ile kuhusu gari, waliomsikia walisikia umaskini. Inawezekana alikuwa anatoa tu hesabu yake ya kazi, kama mstaafu yeyote anayeorodhesha miaka, vituo na alichoondoka nacho.

Gari la Diamond alilipata akiwa amebakiwa na miezi isiyozidi minane. Alifariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wanamuziki wa Msondo na wa Sikinde, watani wa jadi, walikutana msibani pamoja na wa kizazi kipya, wakampeleka kwao Kisarawe, kijiji kilekile cha Masaki alikotoka kijana wa kiume na ngoma za unyago kichwani. Alizikwa huko.

Nyimbo hazikwenda naye. Jumapili zinarudi, tarumbeta zile, gitaa lile, sauti ya mjomba anayesuluhisha. Wimbo ukiisha mtangazaji anataja bendi, anasoma salamu za wasikilizaji kutoka Temeke na Kibaha, anaingia tangazo la sabuni. Mtoto bado amesimama mlangoni anasubiri jibu.

"Hao ni Sikinde," mama anasema, akikamua shati. Kisha anaongeza: "Huyo anayeimba ni Gurumo. Alikuwa anakaa hapo Makuburi."